Ukuta wa Suzhou, Handaki la Stowe

Jumatatu, Suzhou

Kutoka Shanghai hadi hapa ni kama nusu saa kwa treni ya mwendokasi, na mpwa wangu, anayesoma Nanjing, alikuwa ameshafika kabla yangu. "Shikamoo, mjomba. Tuwahi, tiketi zina saa." Tiketi za bustani kubwa za Suzhou hukatwa mapema kwa simu, kwa namba ya pasipoti, na kila tiketi ina muda wake wa kuingilia. Mizigo tukaiacha hotelini, tukaenda moja kwa moja.

Kazi yangu ni kubuni na kutunza bustani, Unguja, na tangu nilipokuwa mafunzoni nimekuwa nikiisikia kauli ileile: bustani ya Kichina huifuata asili, bustani ya Kizungu huitawala. Imo kwenye vipeperushi, inasemwa kwenye semina, na wateja nao huirudia wanapotaka mianzi na mawe mawili matatu kando ya bwawa la kuogelea. Sikuwahi kuiamini. Safari hii nimeifunga ili nizione bustani zenyewe, za huku na za kule, nikiwa nimesimama ndani yake.

Tulianzia Zhuozheng Yuan, Bustani ya Ofisa Mnyenyekevu, yenye hekta 5.2. Mwanzoni mwa karne ya 16, enzi ya Ming, Wang Xianchen alichoshwa na fitina za utumishi wa serikali, akarudi Suzhou na kuijenga. Rafiki yake Wen Zhengming, mchoraji na mshairi, mwaka 1533 aliichora pembe kwa pembe katika picha 31, kila moja na shairi lake. Mtoto wa Wang hakurithi subira ya baba. Inasimuliwa kwamba aliipoteza bustani yote kwa kamari.

Kitu cha kwanza nilichokiandika daftarini ni ukuta. Kwa upande wa barabara ukuta ni mweupe, mtupu, umevikwa vigae vya kijivu juu, na haukuambii lolote. Aliyezaliwa Mji Mkongwe anaujua ukuta wa namna hii: chokaa tupu upande wa uchochoro, na ndani ua wenye kivuli na asumini ambao mpita njia hauoni. Ila sisi huweka baraza nje, mtu apate pa kukaa hata kabla hajakaribishwa. Wang hakuweka kitu.

Na ndani kuta haziishi. Zinakata bustani vipande vipande, zimetobolewa milango ya duara na madirisha ya nakshi, kila dirisha na nakshi yake. Unapita, unaona kipande cha mianzi na ncha ya jiwe, unapiga hatua mbili, vimepotea. Tulipovuka kutoka sehemu ya mashariki kuingia ya kati, mpwa wangu akanishika mkono nisimame. Mbele yetu yalitandaa maji marefu, miti huku na huku, na mwisho wa maji, juu ya vilele vya miti, pagoda, mnara wa mapaa mengi. Ungeapa kwamba imo ndani ya bustani. Haimo. Ni pagoda ya hekalu la Beisi, ina mita 76, iko mjini kwenye mitaa ya magharibi, na ilisimama pale karne kadhaa kabla Wang hajazaliwa. Aliyepanga miti aliacha pengo kwa makusudi, jengo la watu wengine likawa sehemu ya mali yake bila yeye kulipa hata senti. Wenyewe huita kuazima mandhari.

Mchana mvua ikanyesha, nami nikafurahi, kwa sababu kuna kibanda humu kilichojengwa kwa ajili ya mvua. Kinaitwa Tingyu Xuan. Kando yake wamepanda migomba. Mgomba wenyewe hautoi ndizi ya kuliwa, ni wa aina inayostahimili baridi. Umepandwa ili mvua ipige jani. Tulikaa ndani, watalii wengine wakikimbilia lango. Kwenye mgomba tone lina sauti pana na nzito, kwenye mianzi sauti inachanika, na kwenye majani ya yungiyungi, ambayo Oktoba hii yameshakauka na kuwa kahawia, kuna mkwaruzo kama wa karatasi. Majani hayo makavu hawayaondoi bwawani. Humu humu kuna kibanda kingine, Liuting Ge, kilichopewa jina kutokana na shairi la zamani la mtu aliyeacha yungiyungi zikauke majini ili asikie mvua juu yake. Sijawahi kuona mahali pengine mtunza bustani akilipwa kwa kuacha kitu kife vizuri.

Jumanne, Suzhou

Asubuhi Liu Yuan. Mlango wake ni somo peke yake. Unalipa, unaingia, na badala ya bustani unakuta ujia mwembamba, wenye giza, katikati ya kuta ndefu. Unapinda. Kuna kidirisha kinachoangaza mti mmoja. Unapinda tena, ujia unazidi kubana, mpaka unaanza kujiuliza kama umepotea. Halafu ukuta unafunguka na maji yako mbele yako. Bwawa si kubwa. Lakini macho yaliyotoka gizani huliona kubwa, na ndicho mjenzi alichokuwa akikitafuta.

Harufu ilitufikia kabla hatujaona maua: msimu huu mji mzima unanukia maua ya guihua, madogo, ya manjano, yanayojificha chini ya majani. Katika Liu Yuan kuna kibanda juu ya kilima cha mawe kilichojengwa mahususi kwa kuyanusa. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Kisha jiwe. Linaitwa Guanyun Feng, kimo chake mita 6.5, limesimama peke yake uani. Ni jiwe la chokaa kutoka Ziwa Tai, limetobokatoboka na kukunjamana kila upande. Wajuzi wa mawe wanalipima kwa sifa nne: liwe jembamba, liwe na mikunjo, liwe na matundu yanayopenya, na mwanga upite ndani yake kutoka upande hadi upande. Mpwa wangu aliingiza kichwa nyuma ya kamba kuchungulia. Tundu moja lilionyesha kipande cha anga, jingine kona ya paa. Mawe haya yalikuwa yakitolewa ziwani kwa kamba na mashua, na yaliyokosa umbo lililotafutwa, mafundi waliyatoboa kwa patasi, kisha wakayarudisha majini miaka kadhaa, mawimbi yaondoe alama za chuma.

Hapo ndipo kauli ya vipeperushi inapoanguka. Misonobari ya humu imepindwa kwa kamba na waya tangu michanga. Maji yamechimbwa kwa jembe. Vilima ni mawe yaliyopangwa juu ya mawe. Hata kokoto za njia, nilipochuchumaa kuzitazama, zilikuwa zimepangwa kwa mkono moja moja, wima, pamoja na vigae na vipande vya vyungu, zikachora korongo mwenye mguu mmoja juu. Nilipima kwa kidole: bawa lake lilikuwa na kokoto nyeupe zilizolingana kama punje. Asiyesema kwamba huko ni kutawala asili hajawahi kufanya kazi hiyo kwa magoti yake.

Kwa hiyo tofauti iko kwingine, na nimeanza kuishika: humu hakuna mahali pa kusimama ukaona yote. Mwenye bustani mwenyewe hana kiti ambacho bustani nzima iko mbele yake. Ji Cheng, aliyekamilisha mwaka 1631 kitabu cha kwanza cha Wachina kinachoshughulikia ujenzi wa bustani peke yake, aliandika kwa ajili ya watu wanaotembea, wanaogeuka, wanaorudi. Anayekaa hapewi kitu.

Jioni tulikwenda Wangshi Yuan, ndogo kuliko zote tulizoziona, kama nusu hekta pamoja na nyumba. Ukubwa wake umetengenezwa kwa kupunguza. Daraja la jiwe lililo kwenye kona moja lina urefu wa hatua tatu tu, kwa hiyo maji yanayopita chini yake yanaonekana mapana. Kona za bwawa zimefichwa nyuma ya mawe, jicho linaamini maji yanaendelea. Na katika kibanda cha kutazamia mwezi wametundika kioo kikubwa, bwawa likawa mawili. Ua mmoja wa bustani hii umeigwa ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na mafundi kutoka Suzhou ndio waliokwenda kuujenga, ulifunguliwa 1981.

Jumatano, Suzhou

Canglang Ting, kongwe zaidi, imeharibu nadharia yangu kidogo, na nimeipenda kwa hilo. Aliyeianzisha katika karne ya 11 ni Su Shunqin, mshairi na ofisa aliyefukuzwa kazi. Hii haijajificha. Mfereji unapita nje yake, na bustani imeugeukia: varanda ndefu ya pande mbili inafuata maji, imegawanywa katikati kwa ukuta wenye madirisha ya nakshi, kiasi kwamba aliye ndani anaona mfereji na aliye ng'ambo anaona bustani. Mpita njia asiyelipa anapata sehemu yake. Ukiitwa kuzungumzia "bustani ya Kichina" mahali popote, anza kwa kuuliza ipi.

Alhamisi, njiani kwenda Beijing

Mpwa wangu alipanda nami hadi Nanjing, ana vipindi kesho. Njia nzima tulibishana kuhusu ukuta wa Wang.

"Mjomba, labda hakutaka majirani waone tu."

"Majirani wote matajiri wa mtaa ule walijenga hivyo hivyo."

"Basi waliogopa."

Nadhani amegusa penyewe. Waliojenga bustani za Suzhou wengi walikuwa maofisa waliostaafu, walioachishwa, au walioanguka. Cheo chao kilitoka kwa kaizari na kaizari aliweza kukichukua. Mtu wa namna hiyo haonyeshi mali barabarani. Anaijenga ndani, anaipa jina la unyenyekevu, anaalika marafiki wanaojua mashairi anayoyadokeza kwenye vibao vya milango, na wasioyajua hawaoni kilichopo hata wakiingia. Elimu nayo ni ukuta, na huo hauna mlango wa duara.

Alishuka Nanjing, akanipungia mkono. Sehemu iliyobaki nililala.

Ijumaa, Beijing

Yuanmingyuan. Hii ni bustani ya makaizari na ukubwa wake ni wa makaizari, kama hekta 350; kutoka ziwa hadi ziwa nilitembea mpaka miguu ikauma. Kaizari Kangxi aliianzisha 1707 kwa ajili ya mwanawe, na mjukuu wake Qianlong ndiye aliyeijaza. Qianlong alipozuru kusini alipenda bustani za Suzhou, akaamuru Shizi Lin, bustani ya Suzhou yenye mapango ya mawe, iigwe humu. Lakini aliyeweza kuiga ukuta wa ofisa mwoga ni mtu asiyemwogopa yeyote. Kwake Suzhou ilikuwa kipande kimoja katika mkusanyiko.

Katika mkusanyiko huo aliweka pia Ulaya. Kuanzia miaka ya 1740 aliwaagiza Wajesuiti waliokuwa wakimtumikia, Giuseppe Castiglione kutoka Italia, mchoraji, na Michel Benoist kutoka Ufaransa, aliyejua hesabu za maji, wamjengee kasri za mawe zenye chemchemi za kurusha maji. Ulaya ingeweka sanamu za watu walio uchi. Hapa isingekubalika, kwa hiyo mbele ya Haiyan Tang, mojawapo ya kasri hizo, waliketi wanyama 12 wa kalenda ya Kichina, vichwa vya shaba, kila mmoja akitoa maji kwa zamu yake ya saa mbili. Ilikuwa saa ya maji. Karibu na hapo kuna mzingo wa kuta fupi uliojengwa upya, ambamo usiku wa mwezi mpevu wa vuli wanawake wa kasri walikimbizana na taa wakitafuta njia, kaizari amekaa kwenye kibanda cha katikati, juu, akiwaona wote. Nilisimama kwenye kibanda hicho. Ndicho mahali pekee katika China yote niliyoizuru ambapo mjenzi alinipa kiti cha kuona kila kitu, na wazo hilo lilitoka Ulaya.

Inasimuliwa kwamba baada ya Benoist kufa mitambo ya maji iliwashinda waliobaki, watumishi wakawa wanajaza mabirika kwa mikono kila kaizari alipotarajiwa kupita.

Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliipora Yuanmingyuan, kisha Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, akaamuru ichomwe. Sehemu za Kichina zilikuwa za mbao, ziliungua zikaisha. Kilichobaki kusimama ni nguzo za marumaru za zile kasri za mtindo wa Ulaya, na ndizo ambazo kila mtoto wa shule hapa hupigwa nazo picha anapofundishwa aibu ya karne ile. Kundi la wanafunzi lilipita nikiwa pale, mwalimu wao akieleza kwa sauti ya chini, nao walinyamaza kweli. Nimeona vigumu kuandika zaidi kuhusu ubunifu leo.

Jumamosi

Ndege, Beijing hadi Paris. Viti vyembamba.

Jumapili, Versailles

Nilichagua Jumapili kwa sababu ya maji: wikendi za msimu ndipo chemchemi zinapofunguliwa, pamoja na muziki.

Unapanda kupita kasri, unatokea barazani upande wa magharibi, na kila kitu kiko mbele yako. Hakuna ujia wa giza, hakuna kupinda. Vidimbwi viwili vikubwa, ngazi, chemchemi ya Latona, zulia la nyasi, chemchemi ya Apolo na farasi wake wakitoka majini, halafu Mfereji Mkuu, zaidi ya kilomita moja na nusu ya maji yaliyonyooka kuelekea upeo wa macho. Eneo lote leo ni kama hekta 800. Hakuna ukuta unaouona. Mstari hauishi kwenye mpaka, unaishia mbinguni. André Le Nôtre, mtoto wa mtunza bustani wa Tuileries, alianza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1660 kwa amri ya Louis wa 14, na nikiri kwamba sikutegemea kuguswa. Niliguswa. Kifua kinapanuka. Ni furaha ya kuambiwa kwamba dunia ina mpangilio na wewe umesimama mahali unapoanzia.

Ila mahali hapo hapakuwa pangu. Palikuwa pa mfalme, na mfalme alijua thamani yake kiasi cha kuandika kwa mkono wake mwongozo wa namna ya kuizuru bustani: uanzie wapi, usimame wapi, ugeuke lini, utazame nini. Nilipousoma nilikumbuka varanda za Suzhou. Kote kuwili mguu wa mgeni umepangiwa. Suzhou inakupeleka bila kukuambia. Hapa unaamriwa na mwenye nyumba.

Na Le Nôtre naye alijua kuficha. Vidimbwi vya mbali amevifanya vikubwa kuliko vya karibu, ili jicho lililoko barazani lisivione vimesinyaa. Ukiacha mstari mkuu na kuingia kati ya kuta za miti unakuta vyumba vya siri: ukumbi wa dansi wenye ngazi za maji na makombe ya baharini yaliyoletwa kutoka mbali, duara la nguzo za marumaru lisiloonekana mpaka uwe mlangoni. Nilikaa humo nusu ya mchana nikiwaza kwamba Wang angependa. Tofauti ni kwamba siri za humu zimezungukwa na mstari ulionyooka, wakati Suzhou siri ndiyo bustani yenyewe.

Nilikaribia mti mmoja uliokatwa umbo la pia, nikapenyeza mkono ndani ya majani. Kwa nje laini kama ukuta uliopigwa plasta. Kwa ndani vijiti vikavu, vifundo juu ya vifundo, kila kifundo ni mkato wa mwaka fulani. Msonobari wa Liu Yuan una makovu yaleyale chini ya gome. Mmoja umekatwa uonekane umekatwa, mwingine umekatwa uonekane umepindwa na upepo wa mlimani. Mkasi ni uleule.

Maji sasa. Versailles haina mto. Mwaka 1684 walikamilisha mtambo wa Marly kwenye mto Seine, magurudumu 14 yakisukuma pampu zaidi ya 200 kupandisha maji mlimani, na bado hayakutosha. Mfalme alipotembea, watunza chemchemi walipigiana filimbi: ya mbele inafunguliwa anapokaribia, ya nyuma inafungwa akishapita. Kisha wakaanza mfereji wa kuleta maji ya mto Eure kutoka mbali, wakawatumia askari wapatao 30,000. Maelfu walikufa kwa homa na ajali, vita ikazuka, kazi ikaachwa. Nguzo za daraja la maji bado zimesimama Maintenon. Mbele ya chemchemi ya Apolo, muziki ukipigwa, hayo hayatajwi.

Kuna kisa kingine ambacho nataka mpwa wangu akisikie, kwa sababu kinajibu swali lake la ndani ya treni. Kabla ya Versailles, Le Nôtre alijenga bustani ya Vaux-le-Vicomte kwa ajili ya Nicolas Fouquet, waziri wa fedha. Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimwalika mfalme kwenye sherehe, akamwonyesha kila kitu. Mfalme alikuwa na miaka 22. Kabla wiki tatu hazijaisha Fouquet alikamatwa, na alifia gerezani. Mafundi wake, Le Nôtre akiwamo, walichukuliwa na mfalme. Nchi mbili, hofu ileile kwa mwenye enzi. Mmoja alipaka ukuta chokaa, mwingine akafungua lango.

Kabla ya kufunga nilifika Trianon, kasri dogo ndani ya bustani. Jengo la sasa ni la 1687. Kabla yake palikuwa na Trianon ya Kauri, ya 1670, iliyopambwa kwa vigae vya bluu na nyeupe kwa sababu Paris ilikuwa imesikia habari za mnara wa kauri wa Nanjing. Baridi ya Ufaransa ilivipasua vigae. Miaka 17 tu, ikabomolewa.

Jumatatu, London

Treni ya chini ya bahari, mvua, kitanda.

Jumanne, Kew

Nimekuja kwenye bustani hii ya London kwa ajili ya pagoda. William Chambers aliijenga 1762, karibu mita 50, matofali ya kijivu, na pembeni mwa mapaa majoka 80 ya rangi. Majoka ya awali yaliondolewa katika karne ileile. Waliopo sasa walirudishwa 2018, wale wa chini wamechongwa kwa mbao, wengine wote wametolewa na mashine ya kuchapa vitu. Chambers, tofauti na wengi walioandika kuhusu China wakati ule, alikwenda kweli, akiwa kijana katika meli za kampuni ya biashara ya Sweden. Lakini wageni hawakuruhusiwa kupita Guangzhou. Suzhou hakuiona. Na nilipohesabu mapaa, yako kumi. Pagoda za China kwa kawaida huwa na ghorofa za idadi isiyogawanyika kwa mbili. Ile ya Beisi ina tisa. Kwa desturi hiyo, mjenzi wa Kichina asingejenga ya ghorofa kumi.

Zaidi ya pagoda yenyewe, nilishangazwa na namna inavyoonyeshwa: mwisho wa njia iliyonyooka, iliyochorwa katika karne iliyofuata, ionekane kutoka mbali na watu waelekezwe kwake. Ni nguzo ya Kichina inayotazamishwa kwa kanuni ya Versailles. Huko Zhuozheng Yuan pagoda ilikuwa kitu kilichokutokea ukigeuka.

Jumatano, Stowe

Treni hadi Milton Keynes, kisha gari, mashambani Buckinghamshire. Nimeiacha Stowe ya mwisho kwa sababu hapa Waingereza walijifunza kuikataa Versailles. Charles Bridgeman alianza na mistari, William Kent akailegeza, na mwaka 1741 Lancelot Brown akaajiriwa kuwa mkuu wa bustani, akafanya vilima na miteremko unayoweza kuapa iliumbwa na Mungu. Kuna ziwa, kuna mahekalu ya Kigiriki yanayojitokeza moja baada ya jingine njia inapozunguka. Mwendo wake unanikumbusha Suzhou kuliko kitu chochote nilichokiona Ufaransa. Kuna hata nyumba ndogo ya Kichina ya 1738, ya mbao iliyochorwa, miongoni mwa za kwanza kabisa katika bustani za Uingereza. Iliuzwa, ikazunguka, ikarudishwa hapa miaka ya 1990. Walioichora hawakuwahi kuona China, na picha zake zina furaha ya watu wasiosahihishwa na mtu.

Lakini ukuta uko wapi? Kutoka ngazi za kasri nyasi zinashuka, zinapanda, na kondoo wanakula kwenye mteremko wa mbele kana kwamba wamo bustanini. Nilitembea kuelekea kondoo. Nikiwa karibu sana ndipo ardhi ikakatika miguuni pangu: handaki. Upande wangu lina ukuta wa mawe uliozama wima, upande wa pili ni mteremko wa nyasi. Mnyama hawezi kuvuka, na jicho lililoko kasri halioni kitu. Wamezika ukuta ardhini. Mwenye nyumba akisimama ngazini, shamba, kondoo, kilima na kanisa la mbali vyote vinaonekana kuwa bustani yake.

Mbinu hii naijua kwa mikono yangu. Pwani ya mashariki ya Unguja kila hoteli mpya inataka bwawa la kuogelea lisilo na ukingo, maji yake yaungane na bahari, mgeni akiwa majini aone Bahari ya Hindi yote ni ya chumba chake. Nimechora mabwawa hayo. Chini ya ukingo usioonekana, maji yakipwa, wako wanawake wa mwani na kamba zao. Katika mchoro wa hoteli ninayoirudia wiki ijayo nimeshaamua ukingo utaonekana, na njia ya wanawake kwenda pwani itapita mbele ya mgeni wala si nyuma ya jiko. Mwenye hoteli atapinga. Nitabishana naye.

Kwa sababu Stowe walifika mwisho wa mbinu. Katikati ya bustani, ndani ya kichaka cha miti minene, nilikuta kanisa dogo la mawe lenye makaburi. Nilimuuliza mama mmoja wa kujitolea anayeelekeza wageni kwa nini kanisa limefichwa. Akasema hili lilikuwa kanisa la kijiji. Na kijiji? Kiliondolewa, karne ya 18, mandhari ilipopanuliwa. Kanisa halikubomolewa, kwa hiyo walipanda miti kulizunguka lisionekane. Nilizunguka nje ya ua wa makaburi nikitafuta msingi wa nyumba hata mmoja. Nyasi tupu, laini, nzuri sana.

Nikiwa stesheni nilimtumia mpwa wangu yote haya kwa sauti, na nilikuwa na hasira. Alijibu kabla treni haijafika.

"Mjomba, umewaonea Waingereza. Umesahau Huizong?"

Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimemruka. Kaizari Huizong wa enzi ya Song, mchoraji hodari, alijenga mjini Kaifeng bustani iitwayo Genyue, na alitaka mawe ya Ziwa Tai, makubwa, mengi. Yalisafirishwa kwa mashua kutoka kusini, na pale jiwe liliposhindwa kupita, madaraja yalivunjwa na malango ya miji yakabomolewa. Maofisa wake waliingia nyumba za watu na kuweka alama kwenye jiwe au mti waliyoutaka. Watu wa kusini waliasi mwaka 1120. Miaka michache baadaye jeshi la Jin, dola ya kaskazini, likauzingira mji. Wenyeji wenye baridi wakaikata miti ya Genyue iwe kuni, na mawe yaliyogharimu madaraja yakapasuliwa yarushwe kwa manati juu ya ngome. Mji ulianguka 1127.

Nimeliandika jina la Huizong chini ya lile la Viscount Cobham, mwenye mali ya Stowe, kwenye ukurasa mmoja. Na nimemwomba mpwa wangu atafute treni ya kutoka Nanjing hadi Kaifeng, tuone kama kuna jiwe lililobaki.